Mbu na Degedege: Je, Sayansi na Mawazo ya Wazee Vyaweza Kukaa Nyumba Moja?

(Haya ni maneno ya hotuba aliyoitoa Katibu Mwenezi wa tawi mbele ya wanachama na wageni wao. Tunayapiga chapa kwa kuwa wasomaji wengi wameyaomba.)



Katika mkutano uliopita kijana mmoja alisimama akaniuliza hivi: "Mwalimu, kila siku twahubiriwa sayansi. Lakini wazee wetu walikuwa na mizimu, hirizi, mafumbo na mashairi. Je, mtu mmoja aweza kuwa na yote hayo kichwani, au sharti atupe moja ashike jingine?" Baadhi yenu mlicheka. Mimi sikucheka, maana swali lile nimelibeba miaka mingi, na nitawaambia kwa nini.

Sitalijibu kwa maneno makubwa ya vitabuni. Nitalijibu kwa maneno mawili ambayo kila mmoja hapa anayajua tangu utoto wake. La kwanza ni mbu. La pili ni degedege.

USIKU MMOJA

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha katika kijiji cha bondeni. Jirani yangu alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, mchangamfu, aliyezoea kuja barazani kwangu kuchezea chaki. Akashikwa na homa siku mbili. Siku ya tatu, jua likizama, akakakamaa, macho yakapinduka, povu likamtoka. Bibi yake akasema neno moja tu: degedege.

Ninyi nyote mwajua maana yake. Ati ndege wa usiku amepita juu ya paa, kivuli chake kimemwangukia mtoto, na sasa mtoto anapapatika kama ndege. Basi shauri likawa moja: hospitali hapana, maana mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Akapelekwa kwa mganga. Akafukizwa, akavishwa hirizi, akatulia kidogo. Usiku wa manane ikamrudia, mara mbili, mara tatu. Hapo baba yake akampakia kwenye baiskeli wakaenda zahanati, mwendo wa saa mbili gizani. Mama alipofika, mhudumu akamkaripia mbele ya watu: "Ninyi mmemwua mtoto kwa ushirikina wenu." Mtoto akachomwa sindano. Alfajiri akafariki.

Matangani watu wakasema, "Si mmeona? Sindano imemmaliza." Nami, mwalimu mwenye cheti, niliyejua jina la kijidudu cha malaria na kuweza kukichora ubaoni, nilikaa mkekani nisijue la kusema. Nilinyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma hata leo, na hotuba hii ni deni ninalolipa.

JINA LA MBU

Sasa tuliache neno degedege kidogo, tulitazame neno mbu.

Mwaka 1897 na 1898 daktari mkubwa wa Kijerumani, Robert Koch, alikuwa katika nchi hii iliyokuwa chini ya serikali ya Wadachi, akichunguza homa. Alisikia habari za watu wa milima ya Usambara. Watu hawa walikaa milimani wakiwa wazima, lakini waliposhuka bondeni na pwani walishikwa na homa. Walipoulizwa homa ile waipata wapi, walijibu kwamba bondeni kuna wadudu wanaouma, na wadudu hao ndio waletao ugonjwa. Mdudu walimwita mbu. Na ugonjwa wenyewe nao waliuita mbu. Koch aliliandika jambo hili mwaka 1898.

Fikirini, ndugu zangu. Watu wasio na hadubini wala maabara walikuwa wamekwisha kumfunga mdudu na maradhi kwa jina moja. Kumwita mgonjwa kwa jina la kilichomuuma ni kusema kwa mfano, kama washairi wasemavyo. Lakini ndani ya mfano ule mlikuwa na miaka mingi ya kutazama: nani aliumwa, wapi, alipotoka wapi. Na leo twajua sababu yake. Kijidudu cha malaria kali huhitaji joto ili kikomae tumboni mwa mbu. Hali ya hewa ikiwa baridi kupita nyuzi 18, kwa kawaida hakikomai. Ndiyo maana mlimani walipona na bondeni waliugua.

Lakini si wote waliosikia maneno kama hayo waliyapima. Miaka zaidi ya 40 kabla yake, Mwingereza Richard Burton alipita katika nchi ya Wasomali. Watu wa huko wakamwambia kuwa kuumwa na mbu huleta homa ya kuua. Burton alikuwa mtu msomi, mwenye kujua lugha nyingi. Katika kitabu chake cha mwaka 1856 aliyaandika maneno yao, akayaita ushirikina. Akaeleza kwamba labda ushirikina huo watokana na mbu na homa kuzidi kwa wakati mmoja.

Msicheke upesi. Burton alisema jambo la maana: vitu viwili kutokea pamoja si hoja kwamba kimoja ni mzazi wa kingine. Jogoo huwika, jua likachomoza. Wala jogoo hakulileta jua. Kosa lake halikuwa kutia shaka. Kosa lake lilikuwa kukomea kwenye shaka, asiende kutazama.

KOSA MOJA, WATU WAWILI

Hebu sasa turudi matangani. Watu waliona sindano, wakaona kifo, vikifuatana. Wakasema sindano imeua. Burton aliona mbu, akaona homa, vikifuatana. Akasema mbu hausiki. Yule alikubali upesi, huyu alikataa upesi, na wote wawili walikosa kwa njia ile ile: waliona mambo mawili yamekwenda pamoja, wakahukumu pasipo kupima.

Ukweli wa sindano ni huu. Mtoto mwenye malaria kali hupelekwa kwanza kwa mganga. Saa zinapita. Chembe za damu zenye vijidudu huziba mishipa midogo ya ubongo, sukari ya damu hushuka. Anapofika zahanati amekwisha kuchelewa, anachomwa sindano, anakufa. Wengine wanaona sindano tu, maana ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Hawazioni saa zile zilizopotea, kwa kuwa saa hazionekani kwa macho.

Basi huyu wa pili tumpime vipi? Mwaka 2010 ilitangazwa hesabu ya watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, wakiwamo wenye degedege na waliopoteza fahamu. Waligawanywa kwa bahati, kama kwa kura, ili daktari asimchagulie amtakaye: nusu wapewe kwinini, nusu wapewe dawa iitwayo artesuneti, inayochomwa kwa sindano. Waliopewa kwinini walikufa karibu 11 katika kila 100. Waliopewa artesuneti walikufa 8 au 9 katika kila 100. Maana yake, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 waliopewa artesuneti walipona kifo. Kama sindano ingekuwa muuaji wa mtoto wa degedege, hesabu hii isingekuwapo.

Hii ndiyo sayansi, ndugu zangu. Wala si koti jeupe, wala si Kizungu. Ni kusema: jambo hili tulipime, tuhesabu, na tukubali jibu hata likitukera.

NDEGE WA CALCUTTA

Huenda mzee mmoja akaniambia: "Mwalimu, basi umekwisha kujibu. Sayansi ibaki, mafumbo yatupwe." La, mzee wangu. Sikilizeni habari za mtu aliyempata mbu.

Aliitwa Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza kule India. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, baada ya kupasua mbu wengi mno, aliona ndani ya tumbo la mbu chembe ambazo hakuwahi kuziona. Vilikuwa vijidudu vya malaria. Mwaka uliofuata, mjini Calcutta, alithibitisha kwamba mbu ndiye ahamishaye ugonjwa, na aliuthibitisha kwa malaria ya nani? Ya ndege! Naam, kwa ndege wadogo walioumwa na mbu wakaugua. Mwaka huo huo wa 1898 Wataliano wakathibitisha habari ya mwanadamu na aina ya mbu amwambukizaye. Mwaka 1902 Ross akapewa Tuzo ya Nobel.

Na Ross huyu alikuwa mshairi. Alitunga mashairi maisha yake yote, na alipompata mdudu wake alitunga shairi juu ya siku ile. Hakuna aliyemwambia achague. Lakini angalieni alivyofanya: hakupasua mbu kwa shairi. Shairi lilimpa moyo wa kuendelea katika joto na jasho. Kisu na hadubini vilimpa jibu. Kila kimoja kilifanya kazi yake.

Mfano wa pili watoka Uchina. Mwaka 1967 serikali ya huko ilianza kazi kubwa ya kutafuta dawa ya malaria. Mama mmoja, Tu Youyou, alipewa kuongoza kundi moja. Alisoma vitabu vya waganga wa kale. Katika kitabu cha Ge Hong, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, alikuta dawa ya homa: chukua majani fulani, uyaloweke katika maji, uyakamue, unywe. Kukamua, si kuchemsha. Tu Youyou alikuwa amekwisha kujaribu mmea ule na haukumpa matokeo ya kutegemea. Akajiuliza: je, si moto uharibuo dawa? Akaitoa dawa pasipo joto kali. Mwaka 1971 ikaponya panya wote waliojaribiwa. Kisha yeye na wenziwe wakainywa wenyewe kwanza, kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Na dawa ile ndiyo mama wa artesuneti. Sindano ile ambayo bibi wa kijijini kwangu aliiogopa ilizaliwa na majani ya mganga wa kale. Laiti ningalijua kumwambia hivyo siku ile!

Lakini ninyi vijana, msiseme basi kila mganga ana dawa. Waganga wa Uchina waliandika mamia ya dawa za homa. Nyingi hazikufaa kitu. Tu Youyou aliwaheshimu wazee wake kwa kuwasoma, na aliwaheshimu zaidi kwa kuwapima. Asiyepimwa hajaheshimiwa, amefunikwa kitambaa tu.

MAJI YA NGARAMBE

Najua yupo atakayeuliza habari za Maji Maji, maana sisi ni watu wa Chama, na habari ile ni yetu. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, akasema yatageuza risasi za Wadachi kuwa maji. Makabila mengi yaliyokuwa hayapatani yakanywa maji yale na kusimama pamoja. Wadachi walimnyonga Kinjikitile tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe 30 mwezi ule ule wapiganaji waliiendea ngome ya Mahenge, na bunduki za rasharasha zikawaangusha kama mtama.

Tuseme nini juu ya maji yale? Yalikuwa kweli au uongo? Nasema yalibeba maneno mawili. Neno la kwanza lilikuwa: sisi ni wamoja. Hilo lilikuwa kweli, na maji yalilifanya liwe kweli, kwa kuwa umoja ni kitu cha moyo, na kiapo na wimbo huweza kuutengeneza. Neno la pili lilikuwa: risasi haitaingia. Hilo lilikuwa uongo, kwa kuwa risasi haina moyo, haisikii wimbo. Mashujaa wetu hatuwacheki. Walikuwa na ujasiri ambao sisi tumeurithi. Lakini tujifunze kutenganisha maneno mawili hayo.

Na hilo, kijana wangu uliyeuliza, ndilo jibu langu. Shairi, fumbo, kiapo na sala hufanya kazi juu ya kitu chenye moyo: humpa mtu jina la hofu yake, humpa ujasiri, humuunganisha na mwenziwe, humfundisha kutazama. Risasi, kijidudu, mvua na kutu havina moyo. Hivyo hupimwa. Mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili kichwani, bila ugomvi, maadamu hakutuma kimoja kikafanye kazi ya mwenziwe.

UTUMWA WA NAMNA MBILI

Ndugu wanachama, uko utumwa wa mawazo wa namna mbili. Wa kwanza ni kukubali kila alisemalo mgeni, hata akiita ujinga jambo ambalo wazee wetu walilijua kabla yake. Wa pili ni kushika kila jambo la zamani kwa sababu tu mgeni alilidharau. Huyu wa pili hujiona mzalendo, lakini bado anamfuata mgeni. Anamfuata kinyumenyume tu. Mtu huru hulichukua neno la mgeni na neno la mzee, akayapeleka yote mawili kwenye mzani mmoja.

Na yule mhudumu aliyemkaripia mama? Yeye naye simwachi. Alikuwa na dawa ya haki, lakini aliitoa kwa mdomo wa mkoloni. Mama aliyetukanwa hatarudi na mtoto wa pili. Kama angalisema, "Mama, pole. Huyu ana degedege, na degedege yake inaletwa na mbu, tumwahi," angalimwokoa pengine mtoto mwingine kijijini. Sisi tunaojua vitabu tusidhani kwamba kujua peke yake kwatosha. Mimi nilijua, na nilinyamaza.

Wala msidhani haya ni mambo yaliyopita. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu 597,000 katika mwaka 2023, wengi mno wakiwa Waafrika, na robo tatu hivi ya waliokufa katika Afrika ni watoto wa chini ya miaka mitano. Ujinga, maradhi na umaskini ni maadui tuliowatangazia vita zamani. Huyu bado yu mlangoni.

TUFANYE NINI

Hotuba isiyo na kazi ni kelele. Naliomba tawi letu likubali mambo manne.

La kwanza, kila mzazi ashike hili: mtoto akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, umkimbize hospitali saa ile ile, mchana au usiku. Mwenye baiskeli au pikipiki katika mtaa asisubiri kuombwa.

La pili, Wazee wa Chama wawaendee waganga wetu kwa heshima, waketi nao. Wasiwaambie, "Acheni kazi yenu." Wawaambie, "Mtoto wa degedege akiletwa kwenu, mtumeni hospitali kwanza. Dua na hirizi vyaweza kumngoja, kijidudu hakingoji." Mganga atakayemtuma mtoto mapema tumsifu hadharani.

La tatu, walimu wenzangu tuwape watoto sayansi ya mikononi. Chukueni viluwiluwi wa dimbwi, muwatie katika kopo la maji, mlifunike kwa kitambaa chepesi. Watoto wahesabu siku. Baada ya siku chache wataona mbu wametoka majini, wamenaswa chini ya kitambaa. Mtoto aliyeona hivyo kwa macho yake atakwenda mwenyewe kumwaga maji ya vifuu na makopo nyuma ya nyumba, na atamfundisha bibi yake.

La nne ni lenu vijana wa kikundi cha ngonjera. Tungeni ngonjera ya degedege. Msimfukuze ndege wa bibi, mwacheni aruke. Lakini mwonyesheni ndege huyo alivyo hasa: ni mdogo, hupiga kelele sikioni usiku, huuma na kuondoka, na jina lake wazee wa Usambara walikwisha kulitaja. Wimbo hufika mahali ambapo karatasi ya zahanati haifiki. Hiyo ndiyo kazi ya ushairi, na hakuna daktari awezaye kuifanya badala yenu.

Bibi wa mtoto yule bado yu hai. Mwaka jana nilikwenda kumsalimu, nikamweleza habari za majani ya Uchina na sindano. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Sasa mwalimu, mbona hukuniambia siku ile?" Sikuwa na jibu. Ninyi mliosikia leo, msije mkaulizwa swali hilo mkakosa jibu kama mimi. Nendeni mkaseme, usiku huu huu, kabla hamjalala.

Uhuru na Umoja!